Glavu ni sili ya mkono: fundi wa magari achague zipi?

Kijana mmoja aliye mwaka wa pili wa kujifunza umakanika ameniandikia hivi: "Mwalimu, kila siku nafanya kazi za injini na breki. Natumia glavu nyeupe za lateksi, kama zile za hospitali. Baada ya dakika kumi hivi zinalegea, zinavimba kwenye vidole, kisha zinachanika. Wenzangu wananiambia ninunue nyeusi kwa kuwa ndizo za mafundi. Mwingine anasema niachane na glavu, jioni nioshe mikono kwa petroli yaishe. Na siku hizi migongo ya mikono inaniwasha. Nichague glavu gani, na nitajuaje kama kweli zinanilinda?"

Mwanangu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake mna maswali matatu. Lile la kuwashwa ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nimeliweka mwisho nilijibu kwa utulivu, lakini kama mikono inakusumbua unaposoma hapa, ruka uanze nalo.

Jibu la haraka ni hili: nunua glavu za nitrili zisizo na unga, zenye unene wa mili 6 hadi 8 kwenye vidole (mili si milimita, ni sehemu ya elfu ya inchi), za saizi inayokushika vizuri, na uzibadilishe mara nyingi kuliko unavyozoea. Hizo zitakutosha kwa sehemu kubwa ya kazi zako. Sasa nikupe sababu, kwa kuwa ukizishika sababu hutahangaika siku utakapoletewa kopo la dawa usiyoijua.

Anza na kitu unachokifahamu. Bila shaka umewahi kusikia habari ya mtu aliyekosea akatia mafuta ya injini kwenye kikopo cha breki. Raba za masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, huvimba, pedali huwa ngumu, breki zinashika zenyewe, na mwisho mfumo mzima unafumuliwa. Raba zile hazikuwa mbovu. Zilitengenezwa zikae ndani ya mafuta ya breki, ambayo ni ya jamii ya glikoli. Zilipokutana na mafuta yatokanayo na petroli zikayanyonya kama sifongo. Lateksi yako ni mpira wa asili, utomvu wa mti, nayo hufanya vivyo hivyo. Mafuta ya injini, grisi na dizeli huingia ndani ya mpira wenyewe, vidole vya glavu vinavimba na kulegea, halafu ncha ya boliti ikigusa kidogo tu pamechanika. Hukuuziwa glavu mbovu. Ulivaa sili, yaani raba ya kuzuia kimiminika kisipite, isiyo ya kazi hiyo.

Glavu ni sili ya mkono. Hakuna fundi anayechagua sili kwa rangi yake. Kwanza anauliza itakaa ndani ya kimiminika gani, kwa joto gani, kwa muda gani. Ukiuliza hivyo hivyo kuhusu glavu, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Raba ya nitrili ndiyo hiyo hiyo unayoikuta katika oringi nyingi, sili za mafuta na mipira ya kupitishia mafuta. Imeundwa kwa butadieni na akrilonitrili. Butadieni ndiyo inayoipa mnyumbuliko. Akrilonitrili ndiyo inayoyakataa mafuta. Akrilonitrili ikizidi, mafuta yanakataliwa zaidi lakini raba nayo inakuwa ngumu, kwa hiyo kila kiwanda kina kipimo chake. Ndiyo maana utakuta glavu mbili zote zimeandikwa nitrili, moja laini kama ngozi ya mkono, nyingine inakuchosha vidole kabla hujamaliza kufungua plagi nne. Kwa mafuta ya injini, ya gia na ya haidroliki, grisi, dizeli na maji ya rediata yenye glikoli, nitrili inakufaa sana. Kwa mafuta ya breki inatosha kwa kazi ya kutoa hewa na kubadilisha, mradi usikae nayo imelowa. Petroli ni jambo la katikati: ikikurukia, nitrili itastahimili, ukizamisha mkono ndani ya tangi, haitastahimili kwa muda mrefu, kwa sababu petroli ina benzini na tolueni zinazopita haraka kuliko mafuta mazito.

Vinili nitaipitia upesi. Ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa kemikali, na mafuta huzifyonza kemikali hizo hadi glavu inakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Isitoshe, haina mnyumbuliko wa raba, inapwaya mkononi. Inafaa kushika kitu safi kwa dakika mbili. Kwa kazi yako siipendekezi.

Hapa ndipo wengi wanaposimama: nitrili ni nzuri, lateksi mbaya kwa mafuta, basi. Lakini yule anayeyakataa mafuta ana mlango wake wa nyuma. Kwa asili yake, nitrili inavisukuma mbali vimiminika vya jamii ya mafuta, lakini inavipokea vile vya jamii ya asetoni. Thina za rangi, asetoni yenyewe, na dawa nyingi za kusafishia breki na kabureta hupita kwenye nitrili nyembamba kwa muda mfupi mno. Asetoni huhesabiwa kwa sekunde au dakika chache. Dawa zenye klorini, kama dikloromethani iliyokuwa ikitumika sana kung'olea rangi, hupita upesi vilevile. Na neno ninalotumia ni kupita. Sikusema kuvuja.

Naomba hapa unisikilize kwa makini, kwa sababu hili ndilo swali lako la "nitajuaje". Kimiminika kinaweza kuufikia mkono wako kwa njia mbili. Ya kwanza ni tundu au mchaniko, na hiyo unaiona. Ya pili ni kupenya: molekuli za kimiminika zinaingia kwenye raba upande wa nje, zinajipenyeza kati ya nyuzi zake, zinatokea upande wa ndani. Glavu haina tundu, haijachanika, wala mkono haujalowa, ila ngozi imeshapata. Mwaka 1996 mwanakemia Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili ya zebaki juu ya glavu yake ya lateksi. Glavu ilikuwa nzima. Miezi kadhaa baadaye dalili za sumu ya zebaki zikaanza, na Juni 1997 alifariki. Walipozipima baadaye glavu za aina ile, ilionekana kwamba sumu hiyo hupita kwa sekunde chache. Kwenye gereji hukutani na sumu kali kiasi hicho, lakini njia ya kupenya ni ile ile, na ndiyo sababu sipendi kusikia mtu akisema "glavu yangu bado nzima" ilhali ameloweka mkono kwenye thina kwa robo saa.

Kwa hiyo ichukulie glavu ya kutupa kama saa iliyoanza kuhesabu mara tu kimiminika kinapoigusa. Kwa mafuta ya injini saa hiyo inakwenda polepole. Kwa dawa ya breki inakwenda mbio. Na ukiivua glavu iliyolowa ukaiweka juu ya meza upate chai, saa haisimami. Kilichokwisha kuingia ndani ya raba kinaendelea kusafiri. Ukirudi ukaivaa tena, unakuta kinakusubiri upande wa ndani. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuitwa glavu ya kutupa.

Basi dawa ya breki ufanyeje, wakati kila siku unaihitaji? Kwanza soma kopo. Kama limeandikwa asetoni, tolueni, au jina lolote lenye "kloro" ndani yake, jua kwamba hakuna glavu nyembamba ya kutupa itakayokulinda kwa kazi ndefu. Hizo unazivaa kwa ajili ya kurukiwa tu: pulizia ukiwa umeelekeza kopo mbali na mkono, shika kifaa kwa koleo au kiweke kwenye sinia, sugua kwa brashi yenye mpini, na glavu ikilowa ivue papo hapo, uvae nyingine. Kama una kazi ya kuosha vipuri kwa saa nzima, tafuta glavu nene za kudumu za butili kwa vimiminika vya jamii ya asetoni, au badilisha dawa kabisa utumie ya kuoshea kwa maji na sabuni maalumu. Mimi nimeona kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa thina zikamalizika vizuri kwa sabuni ya kukata mafuta, maji ya moto na uvumilivu kidogo.

Lipo jaribio unaloweza kulifanya mwenyewe. Kata vidole viwili vya glavu mpya. Kimoja kitumbukize kwenye kikopo cha kioo chenye kimiminika unachokishuku, nje penye hewa na mbali na cheche; cha pili kiache kikavu. Baada ya dakika 10 kitoe kwa koleo, ukilaze kando ya mwenzake. Kama kimerefuka, kimejikunja, kinanata au kinachanika ukikivuta kidogo, glavu hiyo haifai kwa kimiminika hicho. Ila jaribio hili lina upande mmoja tu. Kikiharibika umepata jibu. Kisipoharibika hujapata ruhusa, kwa sababu kupenya hakuonekani kwa macho. Hapo lazima usome maandishi kwenye boksi.

Maandishi hayo yanatisha kwa kuyatazama, lakini ukiyajua ni rafiki. Tafuta alama ya EN ISO 374-1 yenye mchoro wa chupa ya maabara. Karibu yake kuna neno Type likifuatwa na A, B au C. A maana yake glavu ilizuia angalau kemikali sita za kipimo kwa zaidi ya dakika 30 kila moja. B, angalau tatu kwa muda huo huo. C, angalau moja kwa zaidi ya dakika 10. Chini ya mchoro wa A au B kuna herufi za kemikali zenyewe, na hizi ndizo zenye faida kwako. J ni heptani, ndugu wa karibu wa petroli na mafuta mepesi: hiyo itafute. K ni soda kali, iliyomo katika dawa nyingi za kung'oa mafuta. L ni tindikali ya salfa ya asilimia 96, kali kuliko ya betri. B ni asetoni, D ni dikloromethani, F ni tolueni. Ni nadra glavu nyembamba ya nitrili kubeba herufi hizi tatu za mwisho, na kutokuwepo kwake ni taarifa tosha. Usichanganye herufi B ya asetoni na B ya Type, ni vitu viwili tofauti.

Na dakika hizo zimepimwa maabara, kwenye kipande kilichotulia, katika joto la chumba la nyuzi 23 hivi. Mkono wako una joto zaidi, unakunjakunja vidole, na glavu imevutika juu ya vifundo mpaka ikawa nyembamba. Kwa hiyo dakika za boksi zichukue kama ukomo wa juu, nawe fanya kazi ndani yake kwa nafasi ya kutosha.

Boksi ikikosa alama zote ila picha ya fundi anayetabasamu, irudishe. Boksi iliyoandikwa EN 455 peke yake imekusudiwa kwa tabibu. Hapo kinachopimwa ni matundu, nguvu na mengine ya usalama wa mgonjwa, na mafuta ya gia hayamo. Inawezekana ikawa glavu nzuri sana na bado isiwe sili yako. Utaona pia neno AQL likiwa na namba, kwa mfano 1.5 au 0.65. Hicho ni kiwango cha kasoro za matundu kinachovumiliwa wanapochukua sampuli za glavu na kuzijaza maji kiwandani. Namba ikipungua, ukaguzi ni mkali zaidi.

Sasa unene, ambako maneno mengi ya wauzaji huishia. Mili moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani kama milimita 0.025. Glavu ya zahanati huwa mili 3 hadi 4, milimita 0.08 hadi 0.10. Glavu ya fundi inayostahili jina hilo huanza mili 5 na kufika 8, milimita 0.13 hadi 0.20. Zipo za mili 9 na 10. Mimi nazitumia kufungulia chini ya gari, kwenye boliti zenye kutu na kona za bati, lakini kwa kazi ya kushika skrubu ndogo za kabureta zinanifanya niangushe vitu. Unene ukiongezeka muda wa kupenya huongezeka pia, hilo ni kweli, ila unene hauwezi kuigeuza raba isiyofaa ikafaa. Lateksi nene ndani ya mafuta itavimba tu, ikichelewa kidogo.

Wewe una mikromita, kwa hiyo usimwamini mtu, pima. Laza glavu, bana kiganja chenye tabaka zote mbili bila kukaza, soma, gawa kwa mbili. Fanya hivyo kwenye ncha ya kidole cha shahada, kwenye kiganja, na kwenye mkono wa glavu karibu na mdomo wake. Utagundua kwamba kidole ni kinene na mkono ni mwembamba, kwa sababu glavu hutengenezwa kwa kuchovya umbo la mkono kwenye utomvu, vidole vikiwa chini, na utomvu hushuka. Boksi nyingi huandika kipimo cha kidole kwa kuwa ndicho kikubwa. Nimewahi kupima glavu zilizoandikwa mili 8 nikapata 8 kweli, lakini kwa tabaka mbili pamoja. Tabaka moja lilikuwa mili 4. Unaponunua uliza unene wa tabaka moja, wa kidole na wa kiganja.

Kuhusu rangi, wenzako wamekosea. Rangi ni dawa ya kutilia rangi tu. Kuna nyeusi dhaifu na buluu imara. Tena kwa kazi ya mafuta machafu ningekushauri uchague rangi ya kung'aa, chungwa au kijani, maana juu ya nyeusi huoni mafuta yaliyosambaa wala mchaniko mdogo, na ngozi ya mtu mweusi chini ya glavu nyeusi haikutahadharishi kitu. Kilicho na maana kuliko rangi ni ngozi ya nje ya glavu: tafuta yenye vinundu au misitari ya almasi kwenye vidole na kiganja. Glavu laini iliyopakwa grisi itakuponyosha spana, na spana ikiponyoka vifundo vya vidole ndivyo vinavyolipa.

Saizi watu huidharau, nami naamini ndiyo inayopasua glavu nyingi kuliko boliti. Zungushia utepe kiganja chako chini ya vidole, bila dole gumba. Milimita 178 ni saizi ya 7, 203 ni ya 8, 229 ni ya 9, 254 ni ya 10; kwa herufi ni takriban S, M, L na XL. Ukivaa ndogo, raba imeshavutika kabla hujaanza kazi, imekuwa nyembamba na inapasuka katikati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukivaa kubwa, ncha za vidole zinabaki na mikunjo na zinanaswa kwenye nyuzi za nati. Angalia na urefu: ya kawaida ni milimita 240 hivi, inaishia kwenye kifundo cha mkono. Kwa kazi ya kunyoosha mikono juu chini ya sampu, lile bakuli la mafuta lililo chini ya injini, ambako mafuta yanakimbilia kiwiko, chukua ya milimita 300 na uukunje mdomo wake nje upate kijifereji.

Vaa kwenye mikono mikavu. Mkono wenye unyevu unakulazimisha kuvuta, na mvuto huo huanzisha mchaniko usiouona. Mimi huvaa mbili kwa kazi chafu, ya ndani rangi moja na ya nje nyingine. Simu ikilia, au nikitaka kushika usukani au beringi safi, navua ya nje tu. Na nikiiona rangi ya ndani mahali pasipotakiwa, najua ya nje imetoboka. Kumbuka tabia ya nitrili: inastahimili ncha vizuri, lakini ikishapata kovu inafunguka upesi kwa mstari mrefu. Wengine huihesabu kasoro. Mimi nafurahi, kwa sababu inaniambia nibadilishe, wakati lateksi yenye katundu kadogo hujibana na kunidanganya. Unapovua, bana upande wa nje karibu na kifundo, ivue ikijigeuza ndani nje, kisha ingiza kidole safi chini ya ile ya pili uivue vivyo hivyo. Uchafu wote unabaki ndani.

Yapo mambo ambayo glavu hizi haziyawezi, na lazima niyaseme wazi. Usizivae kwenye mashine ya kukereza wala kwenye drili ya mezani. Kinachozunguka kikinasa glavu kinavuta na kidole. Usiguse nazo eksozi ya moto, maana raba inayeyuka na kugandia ngozi. Hazizuii umeme wa magari ya mseto na ya betri. Huko kuna glavu maalumu za kuhami zilizopimwa kwa volti, zinazovaliwa chini ya glavu za ngozi. Na kubwa kuliko yote: usitafute kwa mkono mahali mpira wa haidroliki au bomba la dizeli la shinikizo linapovujia, hata uvae glavu tano. Mfumo wa kisasa wa dizeli hufika zaidi ya bar 1,600, na mtiririko mwembamba kama uzi huingia kwenye kidole kama sindano. Jeraha linaonekana dogo kama la kuchomwa na mwiba, halina maumivu makubwa mwanzoni, na hapo ndipo watu hurudi nyumbani kulala. Hiyo ni dharura ya upasuaji. Mtu aende hospitali saa ile ile, na amweleze daktari ni kimiminika gani na shinikizo kiasi gani. Kutafuta mvujo tumia kipande cha boksi la karatasi kilichoshikwa kwa koleo.

Sasa mikono yako.

Achana kabisa na petroli ya kunawia. Inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, inafungua njia kwa kila kitu kitakachokuja kesho, na benzini iliyomo ndani yake imewekwa na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika nayo si ya kuchezea. Yanapokaa kwenye injini hukusanya kemikali zinazozaliwa kila mafuta yanapoungua nusunusu, jamii ile ile iliyomo kwenye masizi. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alieleza jinsi waliofagia mabomba ya moshi walivyokuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani kutokana na masizi yaliyojikusanya pale. Kwa hiyo pamoja na glavu nakuomba jambo moja dogo: usiweke tambara lenye mafuta mfukoni mwa suruali. Nawa kwa sabuni ya kawaida au ile ya mafundi yenye chembe laini, suuza, kausha, kisha paka mafuta ya ngozi usiku.

Kuwashwa kunaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya vitatu, na wewe mwenyewe ndiye mwenye dalili. Kama kunaanza dakika chache baada ya kuvaa, ngozi inatoka mabaka yaliyoinuka, unapiga chafya au macho yanawasha, shuku protini za mpira wa asili. Hilo likitokea usivae lateksi tena hata mara moja, kwa kuwa kwa baadhi ya watu linaweza kufika hadi kubanwa pumzi, na mwambie kila daktari wa meno au muuguzi atakayekugusa. Glavu zenye unga ni mbaya zaidi, maana unga hubeba protini hizo hewani. Marekani ilizipiga marufuku katika matibabu kuanzia Januari 2017. Kama upele unatokea siku moja au mbili baadaye, umekaa kwenye mgongo wa mkono na kuishia pale glavu inapoishia, shuku kemikali za kuivishia raba, ambazo zimo kwenye lateksi na kwenye nitrili nyingi pia. Hapo kubadilisha lateksi kwa nitrili peke yake kunaweza kusikusaidie. Tafuta nitrili iliyoandikwa kuwa haina vichapuzi, ndizo kemikali hizo. Na kama ngozi ni kavu, imepasukapasuka, bila mpaka unaoeleweka, huenda ni jasho, petroli yako ya jioni na kunawa kupita kiasi. Kwa hilo vaa glavu nyembamba za pamba ndani, zivue kila zinapolowa jasho, upe mkono hewa.

Kwa maelezo yako, migongo ya mikono ndiyo inayowasha, na unanawa petroli, kwa hiyo yanaweza kuwa mawili kwa pamoja. Usikisie peke yako. Nenda kwa daktari wa ngozi, naye anaweza kukubandika vipimo mgongoni vikaonyesha ni kemikali ipi. Siku hiyo chukua boksi la glavu unazotumia sasa, na upige picha maandishi ya kopo la dawa ya breki na la sabuni, umwonyeshe. Mpaka umwone, iache lateksi na petroli leo hii, vaa pamba ndani ya nitrili, na uandike kwenye daftari kila siku umeshika nini na kuwashwa kumeanza saa ngapi.